Shahidi wa Pili

Saa mbili asubuhi Mirta Berrutti alikuwa tayari nje ya lango la bandari ya Montevideo, bahasha ya kaki kwapani, akitazama watu wakishuka kwenye meli nyeupe iliyokuwa ndefu kuliko mtaa wake mzima. Walishuka kwa mafungu, wote wazee, kofia kichwani na chupa ya maji mkononi, kila mmoja amebandikwa kifuani kikaratasi cha duara chenye namba, kama watoto wa chekechea wanaopelekwa kuona simba. Mirta aliwakagua usoni mmoja mmoja. Alikuwa akimtafuta kaka yake wa damu, na aibu yenyewe ni kwamba hakuwa na hakika kama angemtambua.

Miaka arobaini na minne si mchezo. Wilson aliondoka kwenda Australia akiwa na miaka ishirini na miwili na nywele nyingi kichwani. Hakurudi kumzika baba, hakurudi kumzika mama. Kisha, miezi mitatu iliyopita, akatuma ujumbe: yeye na mkewe watakuwa kwenye meli ya matembezi, meli itatia nanga asubuhi na kuondoka jioni ileile. Siku moja. Mtu anakaa zaidi ya hapo akingoja fundi bomba.

Lakini siku moja ilimtosha Mirta. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya manispaa: roshani ya nyumba yao ya mtaa wa Barrio Sur imeoza, inaweza kuwaangukia wapita njia, itengenezwe kabla ya mwisho wa mwezi la sivyo nyumba itafungwa na waliomo watolewe. Waliomo walikuwa Mirta, binti yake Yanina, na mtoto wa Yanina wa miezi saba. Mkopo wa ukarabati ulikuwepo, ila hupewa mwenye hati, na hati ilikuwa bado ya marehemu. Ilitakiwa sahihi ya warithi wote wawili. Mmoja alikuwa amesimama langoni. Wa pili alikuwa mahali fulani katika msururu ule wa makofia. Mirta alikuwa amejiapiza: leo halii, hapigi magoti, anachukua sahihi yake anaondoka.

“Mirtita?”

Aligeuka kwa jina lake la utotoni. Mzee mwenye kipara, kofia mkononi, shati la maua, namba kumi na nne kifuani.

“Kaka,” alisema, na kile kiapo cha kutolia almanusura kivunjike hapohapo.

Walikumbatiana vibaya vibaya, bahasha ikiwa katikati. Wilson akatazama nyuma. “Nimemwambia kiongozi wa msafara tumbo linanisumbua. Wenzangu wanazungushwa mji, halafu wanakula nyama sokoni. Mke wangu kaenda kuonja mvinyo. Lango la meli linafungwa saa kumi na nusu, Mirta. Hawamngojei mtu.”

“Basi tuanze kutembea. Na hicho kibandiko kitoe, unanitia aibu.”

“Nikikitoa hawatanitambua.”

“Eh! Wasikutambue kwa sura?”

Hakucheka. Njia nzima alitembea ameinamisha kichwa kama mtu anayedaiwa. Walipokaribia mtaa wao aliuliza, kana kwamba anauliza habari za mvua: “Watu wa zamani, bado wapo?”

“Nusu wako Hispania, nusu makaburini. Bi Chola yupo, masikio ndiyo yamekwenda. Heber Silveira yupo.”

“Heber anafanya nini?”

“Fundi vitasa, pale kona. Hatusalimii. Akiniona anavuka barabara, sijui tulimkosea nini, na mama alikuwa hataki aulizwe.” Mirta akamtazama. “Si mlikuwa kama kidole na pete nyie?”

“Tupitie barabara nyingine,” alisema Wilson.

*

Bi Etcheverry, wakili wa hati, alikuwa mwanamke mkavu mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Karatasi alikuwa ameshaziandaa wiki nzima. Mirta akatoa kitambulisho chake, kikakaguliwa, kikarudishwa.

“Na cha bwana?”

Wilson akatoa mfukoni kadi ya plastiki yenye picha ya meli.

“Hiki ni nini?”

“Kadi ya meli. Ndiyo tunayotembea nayo. Pasipoti walituambia tuziache kwenye chumba.”

“Bwana Berrutti, kwa kadi hii unaweza kununua bia melini. Huwezi kugawa nyumba.” Bi Etcheverry hakupandisha sauti. “Kalete pasipoti. Ni robo saa kwa miguu.”

“Haitasaidia,” alisema Wilson.

“Kwa nini haitasaidia?” Mirta aliuliza. Kaka yake akanyoosha mkono airudishe kadi mfukoni. Basi Mirta akaichukua ile kadi kutoka mezani, akaisogeza mbali na macho yake mabovu, akasoma. Picha ilikuwa ya Wilson. Jina lilikuwa Heber Silveira.

Akasoma tena.

“Heber ndiye aliyekuwa amepata kibali,” Wilson alisema kwa sauti ya chini, kama anaungama kwa padri. “Pasipoti, tiketi, kila kitu. Wiki mbili kabla ya safari akaanguka kwenye jukwaa la ujenzi, akavunjika nyonga, akalazwa. Aliniomba nimtunzie koti lake. Zilikuwa mfukoni. Nilimjua mtu anayebadilisha picha. Nilidhani atapata nyingine akipona, Mirta, wallahi nilidhani.”

“Unalitumia jina la mtu?”

“Nimeoa kwa jina hilo. Nina watoto wa jina hilo.”

Simu ya Mirta ikatetemeka. Yanina: *Mama, vipi, tayari?* Akaigeuza kifudifudi.

Bi Etcheverry alivua miwani ya puani, akaifuta, akairudisha. “Mimi hayo sikuyasikia,” alisema. “Nilichosikia ni kwamba bwana hana kitambulisho. Ipo njia. Mashahidi wawili, wasiwe ndugu, watu ninaowajua mimi, waape kwamba wanamjua huyu na kwamba ndiye Wilson Berrutti. Waje saa tisa. Kesho niko mahakamani, na bwana atakuwa baharini.”

Njiani Wilson alimshika mkono. “Mirta, sikiliza. Ninazo dola mia sita. Mpe jirani yeyote mia mbili, aseme ananijua.”

“Jirani yupi? Yule mama ameandika mirathi ya mtaa mzima. Anajua nani alizaliwa lini na nani alihamia juzi.”

“Basi nikuachie pesa, utengeneze hiyo roshani.”

“Dola mia sita zinatengeneza kitasa cha mlango wa roshani, kaka. Na hata kitasa, fundi wake unamjua.”

Hapo ndipo wote wawili walipojua wanakwenda wapi. Bi Chola alikubali kabla hajamaliza kuulizwa, akamshika Wilson mashavu, akamwambia amekonda, akamlaumu kwa kioo alichovunja mwaka wa sitini na tano. Huyo mmoja. Wa pili, mwenye umri ule, aliye hai na anayejulikana na wakili, walimtafuta vichwani hadi saa sita mchana. Hakuwepo mwingine.

*

Duka la Heber lilikuwa na upana wa mlango na nusu. Funguo zilining'inia hadi darini. Vijana wawili walikuwa wanangoja nakala, na Heber, mzee mfupi anayesimama ameegemea upande mmoja kwa ajili ya nyonga, alikuwa anapiga tupa bila kuinua macho. Wilson alibaki nje, kwenye kivuli cha mlango wa jirani. Mirta akaingia peke yake.

“Heber, habari za leo.”

Tupa ikaendelea. “Nyumba yenu ina miaka mingi haijaleta kitasa hapa. Leo kimeharibika?”

“Nimejua leo, Heber. Naapa kwa mjukuu wangu, nimejua leo asubuhi.”

Tupa ikasimama.

“Mama yako alijua,” alisema Heber. “Nilipotoka hospitali na magongo alinikuta mlangoni kwenu. Akanipigia magoti, mama mtu mzima, palepale kizingitini. Wakati wa wanajeshi, unaukumbuka. Akasema, ukimtaja watamrudisha, watamuua. Nikanyamaza. Kijana wa miaka ishirini na tatu anafanyaje na mama aliyempigia magoti?”

“Ungeniambia mimi.”

“Wewe ungefanya nini? Ungenipa jina lako?” Akafuta mikono kwenye aproni. “Nilikwenda kuomba pasipoti nyingine. Wakaniambia Heber Silveira ameondoka, hapa muhuri, hapa tarehe. Nikawaambia mimi ni huyu hapa. Wakacheka. Nimefika umri wa pensheni, naambiwa miaka sita baada ya muhuri ule haihesabiwi, eti sikuwepo nchini. Miaka sita ndiyo iliyonipungukia. Kila mwaka naenda, kila mwaka kijana mpya dirishani ananiuliza Australia ilikuwaje. Ndiyo maana unaniona nachonga funguo na miaka yangu sitini na saba.”

Vijana wale wawili walikuwa wameacha simu zao, wanasikiliza. Mirta alihisi uso unamuwaka. Akatoa barua ya manispaa, akaiweka juu ya meza ya funguo, akaeleza: roshani, mkopo, sahihi, Yanina, mtoto. Alieleza haraka haraka na kwa unyonge ambao asubuhi alikuwa ameukataa. Mwenye shida hachagui pa kuinamia.

Heber aliisoma barua yote, hadi muhuri. “Yuko wapi?”

“Nje.”

“Mwite.”

Wilson aliingia. Namba kumi na nne bado ilikuwa kifuani. Heber akamtazama juu hadi chini, kisha chini hadi juu.

“Wewe ni nani?”

“Heber, ndugu yangu, mimi...”

“Heber ni mimi. Nimekuuliza wewe ni nani.”

“Wilson.”

“Wilson nani? Sema vizuri, hawa vijana hawajasikia.”

“Wilson Berrutti.” Aliikunja kofia mkononi. “Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Hapana, babu. Umekuja kuomba shahidi. Usichanganye mambo.” Heber alirudi kwenye tupa yake. “Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Wewe umeongezewa, umekula miaka arobaini na minne, na juu yake umeletwa kwa meli ya raha. Nendeni. Nina wateja.”

“Utakuja saa tisa?” Mirta aliuliza.

“Nimesema nina wateja.”

*

Saa tisa kamili Bi Chola alikuwa ameketi ofisini kwa wakili, amevaa mkufu wa Jumapili, akimuuliza kila mtu kwa sauti kubwa kama kutakuwa na chai. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Saa tisa na robo kilikuwa kitupu. Bi Etcheverry alikuwa anapanga mafaili ya kesho, na kila faili lililofungwa lilimchoma Mirta kama sindano.

Wilson hakuketi. Alikuwa anakwenda dirishani, anarudi, anatazama saa, anakwenda tena.

“Hatakuja,” alisema. “Mirta, mimi lazima niwe pale saa kumi na nusu. Wewe huelewi. Nikiachwa, pasipoti iko kule. Watu wa uhamiaji wataniuliza mimi nani.”

“Na mimi wakinitoa nje na mtoto mchanga, wataniuliza nini?”

“Usinipigie kelele.”

“Sijakupigia kelele tangu mwaka wa sabini na nne! Niache nipige leo!”

Bi Chola, ambaye alisikia hilo tu, akasema watoto wa Berrutti siku zote walikuwa wakorofi.

Saa tisa na dakika ishirini na tano mlango ukafunguliwa. Heber alikuwa amevaa koti la kijivu na kuchana nywele kwa maji. Alikuwa na makaratasi yake mwenyewe, kitambulisho cha zamani na kipya, yote kwenye mfuko wa nailoni. Hakumsalimia mtu ila wakili.

“Bwana Silveira,” alisema Bi Etcheverry, “unamjua huyu aliyesimama hapa?”

Heber aliuweka mfuko wake wa nailoni mezani. Mirta alisikia saa ya ukutani, akasikia basi likipita, akasikia moyo wake mwenyewe. Mwanamume yule alikuwa na nafasi ya kulipa kisasi kwa neno moja tu, simjui, na hakuna binadamu ambaye angemlaumu.

“Namjua,” alisema Heber. “Tangu tukiwa na miaka sita. Ni Wilson Berrutti, mtoto wa marehemu Bi Elvira. Andika hivyo, na andika ni mimi niliyesema.”

Wakili akaisoma hati yote kwa sauti, neno kwa neno, kama sheria inavyotaka. Alisoma mipaka ya nyumba, alisoma majina ya marehemu, alisoma kwamba Wilson anamwachia dada yake fungu lake lote. Mirta akatia sahihi. Bi Chola akatia sahihi. Heber akatia sahihi, kwa herufi ngumu za mtu aliyeshika tupa maisha yake yote. Saa kumi na dakika mbili kalamu ikafika kwa Wilson. Akainama, mkono ukapita upesi, mara moja, sahihi ya kupendeza yenye mkia, na akasukuma karatasi.

“Haya. Tumemaliza.”

Bi Etcheverry aliitazama karatasi, akavua miwani. Mirta akanyoosha shingo.

Mkono ulikuwa umefanya ulichozoea kwa miaka arobaini na minne. Chini ya hati, kwa wino mbichi, palikuwa pameandikwa *Heber Silveira*.

“Mungu wangu,” alisema Wilson. “Sikukusudia. Nipe, nikate, niandike juu yake.”

“Hii ni karatasi ya serikali, ina namba,” alisema wakili. “Haikatwi. Naibatilisha, naandika nyingine, naisoma upya, mnasaini upya wote. Dakika arobaini.”

“Sina dakika arobaini!”

Heber alikuwa ameinamia meza. Alikuwa anazitazama zile sahihi mbili, yake ngumu na ile nyingine, zimekaa jirani. “Unaandika jina langu vizuri kuliko mimi,” alisema. Hakusema kwa dhihaka. Ndiyo maana ilimuuma kila mtu mle chumbani, hata wakili.

Wilson alichukua kofia. Mirta akatangulia mlangoni, akauegemea kwa mgongo, na kadi ya meli ilikuwa mkononi mwake; hakukumbuka ni saa ngapi aliinyakua pale mezani. Bila kadi ile lango la bandari lisingemfungukia mtu.

“Nipe, Mirta.”

“Sikupi.”

“Mirta, nakuomba. Mke wangu Lorraine hajui lolote. Watoto hawajui. Wakichimba hili nitapoteza kila kitu, hata uraia. Nina miaka sitini na sita!”

“Na huyu ana mingapi?” Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, na hakuyafuta. “Mama alikufa akikuita. Nilidhani ni homa, alikuwa anasema Heber, Heber, mwandikieni Heber. Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anataja jina lako, kaka! Kumbe mama yangu alikufa na akili zake timamu, na mimi namwambia nyamaza mama, upumzike!”

Wilson akafumba macho.

Mirta alitazama kadi. Angeweza kuivunja vipande viwili, plastiki ile ilikuwa nyembamba. Lakini nyumba aliyoipata kwa kunyang'anya, ataieleza vipi kwa mjukuu? Wizi ulikwishafanyika katika familia ile, na umetosha. Akatoka mlangoni, akaiweka kadi mezani karibu na mkono wa kaka yake.

“Chukua. Ukienda, nenda. Mimi nitapanga chumba mahali, wenzangu wanapanga.”

Saa ilikuwa kumi na dakika kumi. Mtu akitembea haraka, robo saa. Wilson aliichukua kadi. Alisimama akiitazama ile picha yake na lile jina. Kisha akaketi kwenye kiti alichokuwa amekikataa alasiri nzima.

“Nimechoka,” alisema. “Andika upya, mama. Soma taratibu.”

Bi Etcheverry akatia karatasi mpya kwenye mashine ya kuchapa. Wakasikiliza tena mipaka ya nyumba na majina ya marehemu. Bi Chola alisinzia. Saa kumi na nusu ikapita katikati ya sentensi, na wakili hakuinua kichwa. Mirta akatia sahihi, Bi Chola akaamshwa akatia sahihi, Heber akatia sahihi. Wilson alipoishika kalamu aliishika kama mtoto wa darasa la kwanza, akaandika polepole, herufi moja, akapumzika, herufi nyingine, ulimi ukiwa umebanwa na meno. Ilikuwa sahihi mbaya, imepinda, haina mkia. Wilson Berrutti.

Mirta akamwandikia Yanina neno moja: *Tayari.*

“Nakala yangu,” alisema Heber. “Nataka yenye muhuri. Na kesho saa mbili huyu anakuja nami ofisi ya pensheni.”

“Nitakuja,” alisema Wilson.

Meli ilipiga honi saa kumi na moja, mara tatu, na vioo vya dirisha vikatetemeka. Haukupita muda simu ya Wilson ikaanza kuita. Aliitoa mfukoni, akaiona, akaishika mkononi bila kupokea. Ikaita, ikaita.

“Ni mke wangu. Yuko melini,” alisema. “Nimwambie nini? Atauliza Heber yuko wapi.”

Heber alikuwa anarudisha vitambulisho vyake kwenye mfuko wa nailoni, kimoja kimoja.

“Mwambie ukweli,” alisema. “Mwambie Heber hajawahi kuondoka Montevideo.”

Wilson akaiweka simu sikioni. Mirta, aliyekuwa karibu naye, akaisikia sauti ya mwanamke, ya mbali na yenye hofu, ikiita na kuita jina ambalo mwenye nalo alikuwa amesimama pale mlangoni, koti la kijivu mwilini, anangoja nakala yake.